Kidari cha Kondoo wa Nne

Wiki iliyopita tulimwacha Devota akipiga vigelegele kwenye korido ya mahakama kule Rujewa. Mama wa miaka hamsini na mbili, kitenge kimemlegea kiunoni, mpaka askari akamwambia, mama, hapa si harusini.

Alikuwa na haki. Mkwe wake Lutengano, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, alikuwa amesimama kizimbani na kusema kwa mdomo wake kwamba ni kweli. Ni kweli alimpiga mkewe Gloria, binti pekee wa Devota. Ni kweli alimvunja mkono kwa mpini wa jembe, kisa simu ambayo haikupokelewa. Ni kweli kofi lake ndilo lililoziba sikio la kulia la yule binti, na daktari ameshasema halitazibuka.

Nani alitegemea angekiri? Sisi sote tulijiandaa kwa mashahidi na kesi kupigwa kalenda mpaka tuote mvi. Kumbe dakika tano, imekwisha.

"Basi," Devota alisema. "Afungwe, mwanangu apumzike."

Na mimi ninayewaandikia haya nilifurahi naye. Nilifurahi kwa sababu sijui sheria.

Aliyeijua ni wakili wa serikali, dada mmoja mwembamba anayeitwa Faustina. Alimvuta Devota mpaka mwisho wa korido, jalada kalikumbatia kifuani.

"Mama, punguza vigelegele."

"Kwani hajakiri?"

"Amekiri. Ndiyo ujanja wenyewe huo. Mtu akikiri mapema, tena kosa ni la kwanza, wakili wake anasimama kumwombea huruma. Hakuisumbua mahakama, amejuta, ana mtoto mdogo. Anaweza kupata faini. Anaweza kupata kifungo cha nje. Jioni yuko Ubaruku anafungua mashine yake."

Devota alidhani hakusikia vizuri. "Kosa la kwanza? Gloria amepigwa mara nne."

"Mara tatu za nyuma mlikwenda polisi?"

Devota alikaza kitenge chake kiunoni.

"Mlikwenda hospitali na PF3, ile fomu ya polisi? Hata moja?"

"Tulimkanda na maji ya chumvi," Devota alisema. "Tukamaliza kinyumbani."

"Mlimalizaje?"

"Kwa kondoo."

Faustina alimtazama. Wala hakufoka, na Devota anasema angefoka ingekuwa afadhali.

"Mama yangu, redioni kila siku wanawake wanadai adhabu za wapiga wake zikazwe. Na mimi nadai. Lakini adhabu hukazwa kwa mtu mwenye historia, na historia ni kitu kilichoandikwa. Karatasi ya mkweo ni nyeupe kabisa. Makosa yake mmeyala."

Hapo sasa ndipo vigelegele vilipokwisha.

Ngoja nieleze habari ya kondoo, maana kuna watakaosema nawasingizia Wahehe. Siwasemi Wahehe. Nausema ukoo mmoja tu wa kule Idodi, ukoo wa Devota, ambao mkuu wake siku hizi ni kaka yake, mzee Benjamini. Kwao mume akimuumiza mke, upande wa mume huleta kondoo. Anachinjwa palepale uani. Kidari chake, nyama ile ya kifuani, kinapikwa kizima na kupelekwa kwa mama wa mke. Mama akikila, maneno yamekwisha. Hakuna wa ukoo ule atakayefungua tena mdomo juu ya jambo lile, si kwa balozi, si kwa padri, si kwa hakimu. Asipokila, kondoo anarudi na ngozi yake na vita inaendelea.

Ni mama peke yake mwenye uwezo huo. Mjomba hawezi, baba hawezi. Wazee wa zamani walijua walichokuwa wanafanya, walimpa rungu mtu mwenye uchungu. Shida ni kwamba Devota rungu lile hakulitumia.

Kondoo wa kwanza alikuja kwa ajili ya jino. Gloria alikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Lutengano alipiga magoti uani akalia machozi, kamasi mpaka kidevuni, na Devota akaona huruma. Kijana mwenyewe analia hivi, atarudia kweli? Alikula.

Kondoo wa pili alikuja kwa ajili ya mbavu. Lutengano alilia tena. Devota alikula.

Kondoo wa tatu sipendi kumwandika. Alikuja kwa ajili ya mimba ya miezi minne. Gloria alilala chumbani siku tatu uso ukutani, na nje Lutengano analia, na Benjamini anasema, dada, huyu mjukuu wako Asukile atamwita nani baba? Devota alikula. Wiki tatu baadaye alimfungia binti yake sanduku, akampandisha gari la kurudi Ubaruku.

"Nilikula nalia," aliniambia.

Kula ni kula.

Safari hii ya nne ilikuwa tofauti kwa jambo moja tu. Lutengano alimpiga mkewe palepale mashineni, mbele ya wabeba magunia na wateja waliopanga foleni na mpunga wao. Mtu akapiga simu. Polisi wakafika kabla ya kondoo.

Faustina alimpa Devota kazi. "Jumatano tunarudi. Kabla hakimu hajatoa adhabu nitaomba ukusikilize. Simama useme. Kondoo watatu, na kila mmoja alikuja kwa sababu gani. Hakimu akijua huyu mtu ni mazoea yake, sikio na mkono vitapimwa kwa mizani nyingine."

"Watu watanicheka."

"Watakucheka. Useme hivyohivyo."

"Nitasema."

"Na kingine." Hapa Faustina alishusha sauti. "Wasilete wa nne. Wakileta ukala, wakili wake atasema familia zimepatana, na mimi sitakuwa na mdomo. Umenielewa?"

"Afadhali nile mchanga," alisema Devota.

Mshike neno hilo.

Walipanda gari yeye na Gloria kurudi. Iringa mjini walishuka kubadilisha, na Devota akaingia dukani kwa Sakerbanu, mama wa Kihindi anayeuza vitambaa, wamejuana tangu wote wawili wana meno yote. Juu ya kaunta kulikuwa na karatasi ndefu ya majina. Kikundi cha akina mama pale mjini wanakusanya sahihi, wanataka kupeleka ombi adhabu za watu kama Lutengano ziongezwe.

"Weka sahihi, mama Gloria," Sakerbanu alisema. "Ya kwanza hapo juu ni yangu. Mume wangu kaiona, tangu jana ananiamkia shikamoo."

Wakacheka. Devota alichukua kalamu, akaandika jina lake polepole, lote, mpaka la ubini. Gloria alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono ndani ya plasta nyeupe.

"Mama, mnasaini nini?" aliuliza. Tangu sikio lizibe, Gloria huzungumza kwa sauti kubwa kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Watu wa nje waligeuka.

"Mambo yako haya," Devota alimjibu. "Twende, gari litatuacha."

Walifika Idodi giza linaingia. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Jumapili ikawa kipaimara cha mtoto wa Benjamini.

Sasa ndugu zangu, sehemu hii nawaandikia kama Devota alivyonieleza mwenyewe Jumatatu asubuhi, amekaa kwenye kigoda, anachambua mboga. Mnisamehe mapema.

Alisema hivi. Alikwenda kwa kaka yake kama shangazi yeyote anavyokwenda kwenye sherehe ya mtoto. Kulikuwa na watu kama thelathini, turubai, na muziki wa kwaya kwenye spika mbovu.

"Kamwene, dada," Benjamini alimsalimu, akamwonyesha kiti cha mbele.

Chakula kikaja. Devota alionja nyama, akashangaa kidogo.

"Kaka, mbona kondoo? Sherehe zetu siku zote ni mbuzi."

"Mbuzi mwaka huu wamekuwa shida. Kula, dada."

Nyama ilikuwa imekatwakatwa, imechanganywa na viazi, kila mtu kapewa sahani yake. Akala kama watu wengine. Jioni, anaosha mikono, ndipo alipomwona mama mzazi wa Lutengano anatoka mlango wa nyuma amejitanda khanga. Moyo ukampasuka. Akajua kondoo yule ametoka wapi.

"Nimelishwa," aliniambia Jumatatu ile, na machozi yakadondokea kwenye mboga. "Kaka yangu wa tumbo moja amenilisha kama kuku."

Nililia naye, sitawaficha. Nikamlaani Benjamini kwa majina ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapa. Nikamwambia, mama, aliyelishwa hajala, nenda Jumatano useme.

Jumatano tukaenda.

Ukumbi ulijaa. Upande wa kulia walikaa watu wa Lutengano, na Benjamini kakaa nao, kofia magotini. Upande wa kushoto alikaa Devota, na Gloria kando yake, karibu na ukuta. Mimi nilikuwa benchi la tatu na daftari langu.

Hakimu ni mzee mpole, anazungumza kama anayesali. Faustina aliomba, akakubaliwa. Devota akasimama.

Na alisema. Nataka mjue hilo, msije mkamhukumu yote. Alisimama mbele ya kaka yake na watu wa ukoo wake akasema, mheshimiwa, wa kwanza alikuwa jino. Wa pili mbavu. Wa tatu alikuwa mjukuu wangu ambaye sikumwona. Mara zote tatu mimi ndiye niliyekula. Mtoto wangu hana PF3 kwa sababu yangu. Huyu si mara yake ya kwanza, ni mara ya nne, na ya tano atauawa.

Mtu mmoja nyuma alisema pole mama. Hakimu alikuwa anaandika. Faustina alitazama chini, lakini nilimwona shavu, alikuwa anatabasamu. Hata Lutengano kizimbani aliinamisha kichwa.

Nikasema moyoni, leo, leo anaondoka na miaka.

Ndipo alipoinuka wakili wa Lutengano. Sedekia jina lake, mtu wa suti ya kijivu na adabu nyingi.

"Mheshimiwa, nampa pole mama. Nina karatasi moja tu."

Ilikuwa hati ya suluhu. Imeandikwa Jumapili, Idodi. Mzee Benjamini ameweka dole gumba, mama wa Lutengano ameweka dole gumba, na mashahidi wanne. Inasema familia mbili zimepatana, na mama mzazi wa Gloria amepokea na kula kidari kwa mujibu wa mila za ukoo.

Ukumbi ukavuma. Hakimu akamgeukia Devota.

"Mama, ulikula?"

"Nilikula, mheshimiwa. Lakini nililishwa. Sikujua."

"Ulilishwa vipi?" Sedekia aliuliza taratibu, kama mjukuu anayemuuliza bibi habari za zamani. "Nyama ilikuja imekatwa au nzima?"

Devota alimtazama kaka yake.

"Mama, kuna watu thelathini waliokuwepo. Watano wako humu ndani. Nyama ilikuja imekatwa au nzima?"

"Nzima," alisema Devota.

Kalamu ilinidondoka.

Alinidanganya. Mimi niliyelia naye juu ya mboga. Mngenitazama wakati ule mngeona mtu aliyepigwa kofi. Nimewaandikia ninyi wasomaji habari zake wiki sita, nimemtetea kwa wanaosema ni mama mbaya, kumbe hata mimi ananichagulia cha kunipa.

"Kilikuja peke yake kwenye sahani, au na vyakula vingine?"

"Peke yake."

"Ulijua ni kidari?"

"Nilijua."

"Ulijua kimetoka kwa nani?"

"Nilijua." Alikuwa ameshika nguzo ya kizimba cha shahidi. "Nilijua tangu kaka aliponionyesha kiti cha mbele."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mama, sikuelewi. Umesimama hapa sasa hivi unasema huyu mtu atamuua mwanao. Kwa nini ulikula?"

Nilitegemea maneno makubwa. Nilitegemea aseme alitishwa, au alirogwa.

"Watu walikuwa wananitazama," alisema Devota. "Muziki ulizimwa. Wote wananitazama, na kaka yangu ananitazama, na mtoto ana kipaimara chake. Nikaona nikikataa nitakuwa nimeharibu siku ya watu. Nikasema nile tu, Jumatano nitakuja niseme."

Hakuna aliyecheka. Nafikiri kila mwanamke mle ndani alikuwa amewahi kula kitu cha namna hiyo.

Sedekia alikuwa na swali moja la mwisho, na alikuwa amelitunza.

"Nani alikuletea sahani?"

Devota alifunga macho. "Gloria."

"Gloria yupi?"

"Huyo hapo. Mwanangu."

"Alilazimishwa?"

"Sikuona mtu wa kumlazimisha. Alikuja nayo mwenyewe. Alipiga magoti akaniwekea mbele." Kisha akageuka kwa hakimu, mikono wazi. "Ndiyo maana, mheshimiwa. Nilimwona yeye ndiye kaleta, nikajua amekubali. Nikasema kama mwenyewe amesamehe, mimi ni nani?"

Sedekia akainama kidogo. "Mheshimiwa, aliyepigwa mwenyewe ndiye aliyebeba kidari cha msamaha. Mshtakiwa ni mkosaji wa mara ya kwanza, amekiri, amejuta, na amesamehewa. Tunaomba kifungo cha nje arudi kwa familia yake."

Akakaa. Faustina alisimama, akafungua mdomo, akakaa tena. Upande wa kulia mtu alianza kufuta machozi ya furaha.

Wakati wote huo Gloria alikuwa amekaa ametulia kama mgeni. Sikio lake zima lilikuwa limeelekea ukutani. Alikuwa anaona midomo inafunguka, anaona mama yake analia, hajui kwa nini. Devota alipomrudia benchini alimshika mkono.

"Mama, wamesema nini?" aliuliza kwa sauti ile ya ng'ambo ya mto, na ukumbi mzima ukasikia.

Ikabidi Devota azunguke, apige magoti upande wa sikio zima, amwambie. Sikuyasikia maneno. Niliona tu uso wa Gloria ukibadilika, tena si kwa ghafla, ulikuwa unafunga polepole kama duka linalofungwa jioni. Akautoa mkono wake kwenye mkono wa mama yake.

Akasimama.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Sema, binti."

"Si hapa. Na watu hawa wote siwezi."

Hakimu alishauriana na mawakili. Akasema atamsikiliza kwenye chumba chake, mawakili wawepo na mshtakiwa awepo. Kisha akaongeza kwa huruma, "Mama yako anaweza kukaa nawe."

"Hapana," alisema Gloria. "Mama asiwepo."

Hakumtazama alipolisema neno hilo. Alichukua khanga yake, akaitupia begani juu ya plasta, akamfuata karani.

Devota alibaki amepiga magoti pale alipokuwa. Nilikwenda kumwinua. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia, na yote yakanitoka. Nilimshika kwapani tukatoka nje.

Chumba cha hakimu kina dirisha linalofunguka kwenye korido, na siku ile ya joto lilikuwa wazi. Chini yake kuna benchi. Tukakaa. Sikusudii kusema tulikaa pale kwa bahati mbaya.

Sauti za wengine zilifika kwa vipande. Ya Gloria ilifika yote.

"Mheshimiwa, ni kweli sahani niliibeba mimi. Hakuna aliyenilazimisha."

Devota aliweka kiganja mdomoni.

"Jikoni walikuwa wanabishana nani apeleke. Wanaogopa. Nikasema nitapeleka mimi. Sahani ilikuwa nzito, na mkono mmoja hauna nguvu, niliishika hivi, kwa kifua. Nilipiga magoti mbele ya mama yangu nikaiweka. Sikuondoka. Walionitazama walishangaa kwa nini siondoki."

Hakimu aliuliza kitu.

"Nilikuwa namsubiri aniulize."

Hakimu aliuliza tena.

"'Gloria, nile?' Hilo tu, mheshimiwa. Maneno mawili. Kondoo wa kwanza hakuniuliza, wa pili hakuniuliza, wa tatu nililala siku tatu namsubiri aingie chumbani aniulize. Safari hii nikasema ngoja nimpelekee mwenyewe, nikae mbele ya macho yake, hata kama ni kipofu ataniona. Angeniuliza, ningemwambia usile, na ningeimwaga sahani ile kwa mikono yangu. Alinitazama. Halafu akachukua nyama."

Devota aliteleza kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, miguu imenyooka mbele, kama watu wanavyokaa kwenye msiba.

"Na ninyi hamna tofauti," Gloria aliendelea. "Huyu wakili anataka faini, yule dada anataka miaka mingi, mjini wanasaini karatasi kwa ajili yangu. Nashukuru. Lakini tangu nivunjwe mkono wananiuliza alinipiga na nini, alinipiga mara ngapi. Hakuna aliyeniuliza ninachotaka."

Nilisikia karani akikohoa. Kisha hakimu, yule mzee wa sauti ya sala, aliinua sauti kwa ajili ya sikio bovu la Gloria, na kwa hiyo sisi tuliokuwa nje tukalisikia kila neno.

"Basi nakuuliza mimi, binti yangu. Unataka mahakama imfanye nini mume wako?"

Devota aliinuka sakafuni kwa magoti. Alishika kizingiti cha dirisha, akabandika sikio ukutani, na mimi sikumzuia.

Na Gloria, kwa mara ya kwanza tangu apigwe, alijibu kwa sauti ya chini.

Hatukusikia hata neno moja. Nilimwona Devota anafunga macho, anasukuma kichwa ukutani kana kwamba ukuta ungempisha. Kiti kilisogezwa ndani. Mtu akasema, andika hivyo hivyo.

Kisha mwanamume akaanza kulia mle chumbani, kilio cha machozi na kamasi, cha mtu anayeomba asamehewe. Devota aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia uani kwao mara tatu, kila siku ya kondoo.